Mtu wa Kuuliza "Ikawaje?"

Hotuba kwa viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na wahudumu wa wagonjwa, Mwanza

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa wazee wangu wa Kisukuma, mwangaluka!

Baba Paroko, masista, makatekista wenzangu, wenyeviti wa jumuiya, na ninyi wahudumu wa wagonjwa mliotoka Magu, Sengerema na ng'ambo ya Ukerewe, asanteni kwa kunipa nafasi. Nawashukuru pia ndugu zetu wa kanisa la AIC (Africa Inland Church) na majirani zetu Waislamu waliokubali mwaliko, maana jambo la leo halina dhehebu.

Nimeombwa nizungumze juu ya kusindikizana kiroho. Makaratasi ya semina mmeshapewa, na hatua zote zimo: namna ya kukaribisha, namna ya kusali, namna ya kuagana. Sitayarudia. Nataka niwaeleze maisha ya mzee mmoja wa ziwa letu hili, Aniceti Kitereza wa Ukerewe, kwa sababu sijapata mfano mwingine unaoonyesha vizuri kama huo jinsi hadithi, imani na mtu wa kutembea naye vinavyotegemeana. Nikimaliza naye nitawaambia ninachokiamini, na mkitaka kunipinga mnipinge. Muda wa maswali upo.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896 katika ukoo wa watawala wa Ukerewe. Utotoni alilelewa kwa mtemi Mukaka, na mtemi huyo ndiye aliyempeleka shule ya misheni pale Kagunguli. Kutoka Kagunguli alivuka ziwa kwenda seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, akakaa huko miaka mingi akisoma Kilatini, Kijerumani na mafundisho ya Kanisa. Upadre hakuufikia. Alirudi, na mwaka 1919 akamwoa Anna Katura. Akafanya kazi za ukarani, na baadaye akawa katekista na mfasiri katika misheni ile ile iliyomfundisha kusoma.

Aniceti na Anna hawakubaki na mtoto hata mmoja. Naomba tukae hapo kidogo, kwa sababu kila aliyelelewa kandokando ya ziwa hili anajua maana yake. Anajua shangazi wanavyokuja na vikao vyao. Anajua sentensi inayoanza na "mwanetu, sisi hatusemi uache mke, ila..." Anajua mwanamke anavyotazamwa akipita kisimani, na mwanamume anavyochekwa kwenye pombe. Kwa mtu wa ukoo wa kitawala uzito huo ulikuwa mara mbili, maana jina la nyumba lilihitaji wa kulibeba. Kitereza alibaki na Anna wake. Waliishi pamoja mpaka uzeeni.

Na katika maisha hayo, miaka ya arobaini, Kitereza akaandika. Hakuandika kilio chake. Alirudi nyuma kabisa, enzi za mababu, kabla meli ya mzungu haijaonekana ziwani, akaanza kusimulia habari za mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana na hawana mtoto. Ndugu wa mume wanasema maneno. Wazazi wa mke wanakasirika, wanakuja kumchukua binti yao. Mume hatafuti mwingine: anafunga safari kwenda ukweni kumrudisha, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anahangaika kuipata, na tunamfuata hatua kwa hatua mpaka anarudi na mke wake. Kazi nzima aliiandika kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945.

Mimi niliisoma kwa Kiswahili nikiwa mwalimu kijana, na jambo lililonishika tangu siku ile ni upole wake. Watu wale wa hadithi wanakwenda kwa waganga. Wanaomba mizimu. Wanakunywa, wanalima, wanaoza, wanazika. Anayewaandika ni katekista, mtu anayefundisha amri za Mungu na sakramenti saba, na hawasimangi hata mara moja. Anawaacha waishi. Ukisoma unaona kwamba kwake yeye maisha ya mababu yalikuwa kitu ambacho Mungu alikuwa akikitazama tangu mwanzo, na hakuhitaji kukionea aibu ili awe Mkristo mwema.

Sasa nije kwa mtu wa pili. Pale Kagunguli alikuwapo Padre Almas Simard, Mkanada, wa shirika la wamisionari la White Fathers. Padre huyu alipenda hadithi za Wakerewe, akazikusanya pamoja na Kitereza, na ndiye aliyemtia moyo aandike. Fikirini nafasi aliyokuwa nayo. Yeye padre, mwenzake katekista. Angesema, "Achana na habari za wapagani, tafsiri katekisimu," ingekuwa amri, na Kitereza angetii. Badala yake alimwambia aandike, akasikiliza, akataka kujua kinachofuata. Kwa lugha ya nyumbani, alimuuliza: ikawaje?

Mswada ulipokwisha haukupata mchapishaji. Nani angenunua kitabu kinene namna ile kwa Kikerewe? Padre Simard alifariki kikiwa bado makaratasi. Ikapita miaka zaidi ya ishirini tangu kalamu iwekwe chini. Mwishoni mwa miaka ya sitini wakafika Ukerewe mume na mke kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, kwa ajili ya utafiti wa historia, wakamkuta mzee mwenye mswada ndani ya nyumba. Nao wakauliza. Wakamshauri augeuze kuwa Kiswahili ili usomwe na wengi, na mzee yule, vidole vikiwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, akaketi akaandika upya kitabu chote kwa mkono wake. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Kilichapwa China, kikasafiri kwa meli, na mwandishi akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia.

Watu wengi wakisimulia habari hii huishia hapo, kwenye huzuni ya kitabu kuchelewa. Huzuni ipo, naikubali. Lakini mimi nawaomba muangalie miaka thelathini na mitano kabla ya hapo. Mtu asiye na mtoto, asiye na fedha, asiye na mchapishaji, aliendelea kushika hadithi yake, kwa sababu kila baada ya muda mrefu alitokea mtu mmoja wa kumuuliza juu yake. Si umati. Mtu mmoja, kisha kimya kirefu, kisha wawili. Na napenda kuamini kwamba kabla ya hao wote alikuwapo Anna, jioni, ndani ya nyumba yao, akisikiliza ukurasa wa siku hiyo.

Ndipo nafikia ninachokiamini. Kusindikiza mtu kiroho ni, kabla ya yote, kumwomba akusimulie, na kukaa mpaka amalize. Sala itafuata. Neno la Mungu litafuata. Ushauri, kama upo, utafuata, na mara nyingi hautahitajika.

Kuna mtu atasema huo ni urafiki tu, dini iko wapi. Afungue Luka sura ya 24. Wafuasi wawili wanakwenda Emau, kijiji kilichokuwa mbali na Yerusalemu kama mwendo wa saa mbili. Bwana mwenyewe, aliyefufuka asubuhi hiyo, anaungana nao njiani. Mimi ningekuwa nimetoka kaburini ningepiga kelele ya shangwe. Yeye anawauliza wanazungumza nini. Wanasimama, nyuso zimekunjamana. Kleopa anamshangaa: wewe peke yako ndiye mgeni usiyejua yaliyotukia siku hizi? Na Yesu, ambaye yalitukia katika mwili wake, anajibu kwa maneno mawili: "Mambo gani?" Halafu ananyamaza, wanasimulia yote. Habari za nabii mwenye uwezo, za wakuu wa makuhani, za msalaba, za tumaini lao lililovunjika, za wanawake waliokwenda kaburini alfajiri. Wanamsimulia Yesu habari za Yesu, na kwa sehemu wanakosea, na anawaacha wamalize. Maandiko anawafungulia baada ya hapo. Mkate anaumega baadaye kabisa, mezani, jioni.

Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na sura hiyo ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Tunapenda kuruka kutoka kwa wasafiri wawili moja kwa moja mpaka kwenye mkate.

Wale waliotuletea imani huku ziwani walilijua hili kwa namna yao. Msafara wa kwanza wa White Fathers ulifika Kageye, hapo Magu, ukingoni mwa mwaka 1878 na 1879. Kutoka Kageye, Padre Lourdel na Bruda Amans walivuka kwa mtumbwi mpaka Entebbe, wakafika tarehe 17 Februari 1879. Mwaka 1883 ikaanza misheni ya Bukumbi, kwenye ghuba yetu ya Mwanza. Mwanzilishi wa shirika lao, Kardinali Lavigerie, alikuwa amewawekea sharti ambalo wengine waliliona gumu mno: mtu asibatizwe kabla ya miaka minne, miwili ya kuomba na kujaribiwa, na miwili ya ukatekumeni, yaani mafundisho ya kujiandaa kwa ubatizo. Miaka minne! Mapadre walikuwa wachache, ziwa ni pana, njia ni za miguu. Nani alitembea na watu miaka minne? Ni makatekista, watu wa hapa hapa, waliokaa na majirani zao chini ya mti, wakijua ng'ombe wa nani amekufa na mtoto wa nani ana homa. Majina ya wengi wao hayamo katika kitabu chochote. Imani ya babu zetu ilipita kwao.

Nami kabla ya makatekista nilikuwa na bibi yangu. Kaka zangu walikuwa na shikome, ule moto wa jioni wa wanaume, ambako wazee walifundisha vijana wa kiume. Sisi wasichana tulikuwa jikoni, tunabangua karanga, na bibi anasimulia. Hadithi yake kubwa ilikuwa ile mnayoijua wote mliozaliwa Usukumani, ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we. Zimwi limemeza watu wote na mifugo yote. Amebaki mwanamke mmoja mjamzito, aliyejificha kwenye lundo la pumba. Anajifungua mtoto wa kiume, mtoto anakua, anauliza: mama, watu wengine wako wapi? Anaambiwa. Anaingia porini, anarudi na panzi: mama, nimemuua Shing'weng'we! Hapana mwanangu, huyo ni panzi. Anarudi na ndege. Hapana mwanangu. Anarudi na swala. Hapana. Mpaka siku anakutana nalo lenyewe, analiua, anapasua tumbo, na watu wote wanatoka, baba yake akiwamo. Vigelegele. Anafanywa mtemi.

Mapadre waliokaa Usukumani waliipenda sana hadithi hii, na mnajua sababu. Mwokozi anayewatoa watu tumboni mwa mauti, nani asingemwona Kristo humo? Pale Bujora, Kisesa, Padre David Clement alijenga kanisa lenye sura ya nyumba ya Kisukuma na kuingiza ngoma zetu katika ibada, na mpaka leo sikukuu ya Ekaristi inapofika watu wanafurika kwa ajili ya Bulabo, sherehe yetu ya ngoma, na mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi yetu mawili ya wachezaji ngoma. Kazi ya namna hiyo naiheshimu sana. Mimi imani yangu ilishika mizizi siku niliposikia ngoma niliyoijua ikipigwa mbele ya altare.

Lakini bibi yangu hakuishia kwenye vigelegele. Wakati Masala Kulangwa anapasua lile zimwi, kisu kilimkata sikio ajuza mmoja aliyekuwa ndani. Umati unatoka unaimba, na ajuza ametoka ameshika sikio linalovuja damu, amekasirika, anatukana, anataka hata kumroga kijana aliyemwokoa. Hapo bibi alikuwa anaacha kubangua. Alituonyesha kwa mkono wake jinsi ajuza alivyoshika sikio, hivi, kiganja kimeziba upande wa kichwa, na damu inapita kwenye kiwiko. Tulikuwa tunamchukia ajuza yule. Tunasema, bibi, si angeshukuru ametolewa? Bibi anatuuliza: na sikio lake je? Kisha anaendelea: ikatafutwa dawa, ajuza akatibiwa, sikio likapona. Hadithi haikukubali kuisha huku mmoja anavuja damu.

Nimeichukua sehemu hiyo kama wito wangu. Katika kila umati unaoimba "tumeokolewa" kuna mtu ameshika sikio. Mganga wa mifupa amefanya kazi yake vizuri, mgonjwa atatembea, ndugu wameleta matunda na sala za shukrani, na yeye amegeukia ukutani. Huyo ndiye wa kwetu.

Kuna kijana mvuvi wa dagaa niliyemkuta wodini, mguu umefungwa chuma. Ameniruhusu nisimulie bila kumtaja jina wala mwalo wake. Walipigwa na dhoruba usiku wa giza, siku za dagaa, mtumbwi ukapinduka. Yeye aliokolewa, kaka yake hakupatikana. Waliomtembelea kabla yangu walikuwa watu wema, walimwombea kwa nguvu, wakamwambia Mungu ana kusudi na maisha yake. Aliitikia amina akavuta shuka mpaka usoni. Nilipofika nilikaa tu. Baada ya muda nikamuuliza upepo ulitokea upande gani. Nimekulia ziwani, nilitaka kujua kweli. Akafunua uso. Akasema ulitokea kusini, ghafla, taa mbili zikazama kwanza. Ikawaje? Akasema walishika ubavu wa mtumbwi. Ikawaje? Wimbi la tatu likawaachanisha. Kulikuwa na dumu moja la mafuta, la lita ishirini, tupu, la njano, lililokuwa linaelea. Kaka alilifikia yeye kwanza. Akalisukuma kwake. Kijana alinionyesha kwa viganja vyote viwili, hewani, juu ya shuka, jinsi kaka yake alivyolisukuma lile dumu juu ya maji.

Hakuwa amemwambia mtu yeyote habari za lile dumu. Hata mama yake. Aliogopa ataulizwa kwa nini alilipokea.

Sikuwa na jibu, na sikutafuta. Nilimuuliza kaka yake alikuwa mtu wa namna gani. Akasimulia mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha: jinsi alivyomfundisha kushona nyavu, jinsi alivyopenda kuimba akivuta kasia, jinsi alivyokuwa akigawa sato mkubwa kwa wajane kabla ya kwenda kuuza. Siku nyingine nilipokuja ni yeye aliyesema, "Mama, leo tumsalie kaka." Sala ile ilikuwa yake, nami nilikuwa wa kuitikia. Baadaye alimweleza mama yake habari za dumu, mimi nikiwa kando. Mama alilia, akamshika kichwa, akasema: "Huyo ndiye niliyemzaa." Hayo tu. Hakuna mhubiri ambaye angelisema hilo badala yake.

Ninajua haya kwa sababu nami nilifanyiwa. Nikiwa mwalimu Ukerewe, nilizika mtoto wangu wa kwanza. Watu walikuja msibani, wakalala matanga, wakaondoka, kama desturi. Mama mmoja mzee wa jumuiya yetu aliendelea kuja kila alasiri na ukili wake wa kusuka. Anakaa kwenye kibaraza, anasuka, ananiuliza mtoto alikuwa anapenda kula nini. Alianza kutembea lini. Alikuwa anamwita nani kwanza, mimi au baba yake. Wengine wote walikwepa jina la mtoto kwa kunihurumia. Yeye alilitaja kila siku. Nilikuwa nimeacha kusali. Hakunigusia habari hiyo hata kidogo. Jioni moja, nikiwa katikati ya kusimulia, nilisikia mdomo wangu unasema "Ee Mungu, mtunze," na mama yule akaendelea kusuka ukili wake.

Basi niwaambie jambo linaloniuma kuhusu jumuiya zetu. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki waliamua miaka ya sabini kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uhai wa Kanisa. Nyumba chache, majirani wanaojuana, Injili inasomwa, kila mmoja anasema imemgusa wapi katika maisha yake ya wiki ile. Uamuzi mwema kuliko mwingi niliowahi kuuona. Siku hizi nenda katika jumuiya nyingi za mjini. Rozari fungu moja, Injili inasomwa haraka, mtu mmoja anasema "tumeisikia," halafu linafunguliwa daftari la michango. Ujenzi, harambee ya parokia, sherehe ya mtakatifu somo wa jumuiya, zaka. Mambo hayo yote ni ya lazima, sikatai. Lakini mjane anatoka pale amejua anadaiwa shilingi ngapi, na hakuna aliyejua kwamba wiki hii ilikuwa kumbukumbu ya mume wake.

Mwaka 1996, meli ya abiria MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei ikiwa karibu kufika hapa Mwanza, mji huu ulijifunza kwa nguvu kukaa pamoja. Mnayakumbuka makaburi ya Igoma, walikozikwa. Watu walikaa na watu wasiowajua, Wahaya na Wasukuma, Waislamu na Wakristo, wakisimuliana aliyeondoka alikuwa amevaa nini. Hapakuwa na daftari. Jumuiya tunaijua, tumeshawahi kuwa nayo.

Ninaomba basi, wenyeviti, daftari lije mwisho na lipewe dakika chache. Na kabla yake, kila wiki, mtu mmoja asimulie. Si ushuhuda wa kupangwa wenye mwisho mzuri. Asimulie kilichotokea, hata kama hakijaisha.

Nina tahadhari chache, nazipitia haraka. Unachosikia ni cha mwenyewe. Hakitoki, hata kwa mume wako, hata kwa nia ya kuombewa. Ukisikia mtoto anaumizwa, au mtu anataka kujiua, hapo kusikiliza peke yake hakutoshi: mpeleke kwa daktari, kwa ustawi wa jamii, kwa polisi, na umfuate huko pia. Usimkimbize mtu kwenye msamaha. Na uwe na mtu wako wewe wa kukusikiliza, la sivyo utaanza kutafuta hadithi za watu kwa ajili ya kiu yako.

La mwisho ni kwa ninyi vijana wenye simu. Wazee wetu wanaondoka na mambo mengi mno. Kitereza alipata padre wa kumuuliza. Bibi yangu hakupata, na mengi ya aliyoyajua yamezikwa naye. Nendeni kwa bibi na babu zenu, ombeni ruhusa, washeni kinasa sauti, waacheni waseme kwa Kikerewe, kwa Kisukuma, kwa Kijita, kwa Kizinza. Waulizeni walisali vipi kabla ya kubatizwa, na nani alikaa nao siku mbaya. Msiwakatize kusahihisha tarehe.

Sasa tunakwenda kunywa chai. Baada ya chai tutakaa wawili wawili, kila mmoja na mtu asiye wa parokia yake. Mmoja atasimulia jambo moja kwa dakika ishirini. Anayesikiliza asishauri, asinukuu aya, asisimulie la kwake. Anaruhusiwa kuuliza. Kisha mnabadilishana, na yaliyosemwa yanabaki pale mlipoketi. Simu zizimwe, na viti vya nje chini ya mwembe tuwaachie wazee. Wa Ukerewe mtaanza ninyi, maana meli ya saa nane haimsubiri mtu. Karibuni.